Samaki mwenye magurudumu: hotuba kwa wazazi wa Kirumba kuhusu kazi za mikono za watoto wadogo nyumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka. Na kwa ndugu zangu msiotoka Usukumani, habari za asubuhi. Nawashukuru sana kwa kuja, kwa sababu najua wapo humu ndani waliotoka mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, alfajiri ya leo na hawajalala, na wapo kina mama ambao dagaa wao wameanikwa juani huku wakiomba mvua isinyeshe kabla sijamaliza kusema.

Nimeombwa nizungumze juu ya michezo ya ubunifu na kazi za mikono nyumbani kwa watoto ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Nimefundisha darasa la awali kwa miaka 24, na katika miaka hiyo yote nimesikia wazazi wakilalamika kwamba hawana fedha za kununua midoli. Leo nimekuja kusema kwamba vitu vya kuchezea havijawahi kupungua katika mji wetu huu wa Mwanza, wa miamba na maji. Kinachopungua ni mtu mzima anayekubali kumwekea mtoto vitu hivyo mbele yake, akakaa karibu, halafu akamwachia mtoto kazi iwe yake tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu hiyo ya mwisho, ya kumwachia, ndiyo iliyonishinda mimi mwenyewe nilipokuwa mama kijana, na naomba niwasimulie.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 4. Tulikuwa tunaishi Mabatini, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, ambako ua wote ulikuwa jiwe. Jioni moja nilimpa bonge la udongo ili atulie nipike. Alitulia. Baada ya muda mrefu aliniletea kitu alichokifinyanga, mviringo mrefu wenye mkia, na chini yake alikuwa amebandika vidonge vinne vya udongo vilivyobonyezwa vikawa bapa. Akaniambia, "Mama, huyu sato." Nilimchukua yule sato mikononi mwake, nikabandua vile vidonge vinne, nikanyoosha mkia, nikachora magamba kwa njiti ya kiberiti, nikamrudishia nikimwambia kwamba sato yuko hivi. Nilifanya kwa upendo kabisa, na samaki wangu alipendeza. Mtoto alimtazama, akamweka chini, akaenda kukaa mlangoni. Hakushika udongo tena kwa wiki kadhaa.

Siku nyingi zilipita kabla sijapata akili ya kumuuliza vile vidonge vinne vilikuwa nini. Alishangaa kwamba sikujua. Vilikuwa magurudumu. Kila jioni muuza samaki alifika nyumbani kwetu na baiskeli yenye tenga la samaki nyuma, na mwanangu, ambaye hakuwa amewahi kumwona sato akiogelea, alikuwa amefinyanga kile alichokijua: samaki ni kitu kinachokuja nyumbani kwa magurudumu. Alikuwa amewaza, amekumbuka, ameunganisha mambo mawili aliyoyaona kwa macho yake, akayaweka kwenye udongo. Mimi, mwalimu, niliyabandua kwa vidole viwili.

Ndugu zangu, nimelisimulia hilo kwa sababu najua linatokea katika nyumba nyingi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupata kipande cha mkaa akachora mistari isiyo na mpangilio, na furaha yake ni kuona kwamba mkono wake umeacha alama. Akifika miaka 3 hivi huweza kufunga duara. Baadaye kidogo huchora mtu ambaye ni kichwa chenye miguu, hana kiwiliwili wala shingo, na mikono ikiwepo inatoka mashavuni. Watoto wa mataifa mengi hupita njia hiyo hiyo. Mtu wa kichwa na miguu hahitaji kusahihishwa, kama vile mtoto anayetambaa hahitaji kukemewa kwa nini hasimami. Mzazi anayemshika mtoto mkono na kumlazimisha achore tumbo hajamfundisha kuona tumbo. Amemfundisha kusubiri mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mtoto anapokuletea kazi yake, usiulize "hiki ni nini?" kwa sauti ya kutoelewa, kwa maana mtoto huisikia sauti kabla ya maneno. Mwambie, "Nisimulie." Neno hilo moja limenipa mambo mengi kuliko mtihani wowote niliowahi kutunga.

Hapa najua kuna mzazi anayejiuliza moyoni, je, haya yatamsaidia mwanangu kusoma? Swali hilo ni la haki, kwa sababu ada inauma na kila mtu anataka kuona matunda. Nimeletewa mtoto wa miaka 4 aliyekuwa akilia kila asubuhi kwa sababu shule aliyotoka ilimtaka ajaze ukurasa mzima wa herufi "a" kila siku, na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika penseli kwa dakika tatu. Sikumpa daftari. Nilimpa udongo, maharage ya kuchambua, vitambaa vya kuchana na kamba ya kutunga vizibo vilivyotobolewa. Kidole gumba na viwili vinavyofuata, ambavyo ndivyo vinavyoshika penseli, ndivyo pia vinavyobana udongo, vinavyookota punje ya mchele na vinavyofunga fundo. Baada ya muhula mmoja aliandika, na aliandika bila kulia.

Wala jambo hili si jipya. Chekechea ya kwanza duniani ilianzishwa na Mjerumani Friedrich Fröbel mwaka 1837 katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, na kazi alizowapa watoto zilikuwa kufinyanga, kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kupanga vijiti na kujenga kwa vibao. Hayo tunayoyaita kupoteza muda ndiyo yaliyokuwa masomo yenyewe. Nchini kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inaitaja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, katika orodha ile ile ya mambo ambayo mzazi ana wajibu nayo. Na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio kuwa nguzo sawa na lishe na afya. Malezi yenye mwitikio ni lugha ya kitaalamu. Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba mtoto akisema, mtu mzima anajibu.

Sasa nizungumzie udongo, na mnisamehe nikikaa hapo kwa muda, kwa sababu sijaona kifaa kingine kinachomfaa mtoto mdogo kama huo. Udongo haugharimu kitu, haupigi kelele, na kosa ndani yake hufutwa kwa kulikanda bonge upya. Mtoto aliyeharibu mchoro analia. Aliyeharibu chungu cha udongo anaanza tena.

Udongo mzuri mtaupata kwenye kichuguu, au kwenye mashimo wanakochimba watu wa matofali, au mtaomba bonge kwa kina mama wanaofinyanga vyungu na majiko. Ili kuujua, chukua kidogo, uloweshe, uviringishe uwe mrefu kama kidole, kisha uuzungushe kwenye kidole chako kama pete. Ukipinda bila kupasuka, unafaa. Ukimeguka, una mchanga mwingi. Ukishaupata, uponde, utoe mawe na mizizi, uuloweke kwenye ndoo usiku kucha, uukoroge na kuuchuja kwa kitambaa chepesi au chandarua kilichochakaa, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha uuanike mpaka ushikane bila kuganda mikononi. Bonge lililofungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya ndoo yenye mfuniko hukaa wiki nyingi, na likikauka linalowekwa tena. Kazi alizofinyanga mtoto zikaushwe kivulini taratibu, kwa sababu jua kali hukausha upande wa nje kabla ya ndani na kitu kikapasuka.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu tunaishi kando ya Ziwa Viktoria. Msiwatume watoto ukingoni kuchota matope. Kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na konokono, kuna vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo havihitaji mtoto anywe maji. Hupenya kwenye ngozi akiwa amesimama tu na miguu ndani. Chukueni udongo wa nchi kavu, na mkande kwa maji ya bomba.

Mzazi asiye na udongo karibu anaweza kukanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1 na maji yasiyozidi kikombe 1 yanayomiminwa kidogo kidogo. Lakini sipendi sana kupendekeza hivyo, maana nimefundisha watoto waliofika darasani bila kunywa chai, na kumpa mtoto mwenye njaa unga wa kuchezea ni jambo linalonitia simanzi. Udongo uwe wa kwanza.

Tukitoka kwenye udongo, tazameni kile kinachotupwa. Mabua makavu ya mtama na mahindi yana nyama nyepesi ndani na ganda gumu nje, na wengi wetu humu tulijenga magari kwa mabua hayo, ganda likiwa msumari na nyama ikiwa mbao. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuchomeka mwenyewe mkishamchania ganda, kwa sababu makali yake hukata kama wembe. Gunzi la hindi likivishwa kipande cha kitenge kutoka kwa fundi cherehani huwa mwanasesere. Malapa yaliyokatika, ambayo wavuvi huyakata wakayafanya maboya ya nyavu, yakikatwa duara huwa magurudumu yanayozunguka vizuri kuliko ya kifuniko cha chupa. Vipande vya nyavu vilivyotupwa huko mwaloni vikioshwa hufundisha kufunga fundo na kufundua. Mpira wa mifuko ya rambo tuliochezea sisi umetoweka tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini soksi kuukuu iliyoshindiliwa vitambaa na kuzungushiwa uzi wa gunia huleta mpira mzuri unaodunda kidogo, na kuufunga kwa uzi ni kazi ya saa nzima kwa mtoto mwenye subira.

Gundi ya dukani haina ulazima. Vijiko 2 vya unga wa muhogo, hata ule wa udaga, vikikorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi na kupikwa kwa moto mdogo mpaka viwe uji mzito unaong'aa, hushika karatasi, boksi na kitambaa, na hukaa siku mbili kabla haijaanza kunuka. Uji huo huo ukichanganywa na mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, ukichanganywa na manjano ya kupikia hutoa rangi ya njano, na ukichanganywa na udongo mwekundu uliochujwa hutoa rangi ambayo watoto wanaipenda kuliko zote, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo rangi ya njia zao za nyumbani. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku.

Na karatasi? Tunakaa katika Jiji la Miamba. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando zimeegemea mawe makubwa kuliko ubao wowote wa shule. Mpe mtoto mkaa na kipande cha chaki, mwonyeshe jiwe lenu wenyewe lisilo na mteremko mkali, naye achore. Mvua ikinyesha jiwe linaoshwa na anaanza upya. Nimeona watoto wakiukimbilia mwamba baada ya mvua kama wengine wanavyokimbilia daftari jipya.

Mchezo wa kuigiza nitaugusa kwa ufupi, kwa maana watoto huuanza wenyewe bila kufundishwa. Mchezo wa baba na mama wanaujua, wa duka wanaujua. Kwetu hapa wanacheza pia mwalo: mmoja ni mvuvi, mmoja tajiri wa mtumbwi, mmoja mama anayepima dagaa kwa kopo la sado, na majani ya mti ndiyo pesa. Kazi ya mzazi ni kutoa kopo tupu na kununua anapouziwa. Lakini sikilizeni bei zao na ugomvi wao. Mtoto anayesema "sado mbili na nusu unanidai" anafanya hesabu, na mtoto anayeigiza baba aliyerudi na hasira anawaambia jambo ambalo hangeweza kuwaambia kwa njia nyingine.

Nakuja kwenye muda, ambao ndio kilio cha kweli. Sitamwambia mama anayeamka saa kumi usiku kwenda kununua samaki kwamba atenge saa mbili za kufinyanga. Ninachoomba ni dakika 20, na zinaweza kuwa zile zile anazochambua mchele. Mweke mtoto kando yako na ungo mdogo na punje zake za kutenganisha. Unapokanda chapati, mkatie kidonge. Unapofua, mpe kopo lililotobolewa matundu na jingine zima, ajue mwenyewe kwa nini moja linajaa na jingine halijai. Huyo hajakuchelewesha sana, na ameshinda na wewe.

Kwa kina baba, hasa wavuvi wa dagaa, nina ombi la pekee. Ninyi mnavua kwenye giza, kwa taa. Mwezi unapong'aa, dagaa hawavutwi na taa zenu na mitumbwi hupumzika, kwa hiyo kila mwezi mnazo siku kadhaa za kuwa nyumbani. Watoto wenu huziona taa zenu usiku zikiwa zimejipanga ziwani kama mji mwingine, na asubuhi wanauliza ni ipi ya baba. Siku hizo za mbalamwezi, chukueni bua na kisu, mchonge mtumbwi mdogo mbele ya macho yao. Msiseme mengi. Mtoto anayetazama mikono ya baba yake ikifanya kazi polepole anajifunza kitu ambacho mimi darasani sina uwezo wa kumpa. Kisha mpeni bua lake, na mtumbwi wake ukipinda, uacheni upinde, na mumwache autie kwenye beseni aone unavyoelea kwa ubavu. Atarudi kuuliza, na akiuliza ndipo mjibu.

Wapo watakaosema simu inamtuliza mtoto vizuri zaidi. Inamtuliza, kweli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, huku akihitaji angalau saa 3 za kujishughulisha kwa mwili. Sitaongeza neno.

Kuhusu usalama, nitasema yale yaliyoniogopesha katika miaka yangu ya kazi. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo gololi, maharage, vifungo na vizibo ni vya wakubwa wake, na mtu mzima awepo. Zile betri ndogo za duara kama kifungo, zilizomo kwenye rimoti, saa na midoli inayoimba, zikikwama kooni zinaanza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Mtoto akimeza, kimbieni hospitali papo hapo, hata ikiwa usiku. Msitunge shanga kwa mbegu za nyonyo wala kwa zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huzipenda kwa uzuri wake. Zote zina sumu. Na mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja, katika nyumba yenye mtoto anayecheza na chupa.

Mwisho naomba mzitunze kazi zao. Simaanishi zote, maana nyumba ni chumba na sebule. Tafuteni sehemu moja, juu ya kabati au kwenye dirisha, ambapo kazi moja ya mtoto inakaa kwa wiki, na mgeni akija aonyeshwe, na mtoto ndiye aieleze. Wiki ikiisha, mtoto achague ya kubaki na ya kurudi kuwa udongo. Mwanangu yule wa Mabatini ni mtu mzima sasa. Sikumtunzia samaki wake, na natamani ningemtunza, pamoja na magurudumu yake yote manne.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekwisha kusema. Kwenye meza zile za nyuma kuna mabeseni sita ya udongo niliouloweka tangu juzi, na watoto wenu wako nje wanasubiri kuingia. Naomba kila mzazi akae na mwanawe, achukue bonge lake na mtoto achukue la kwake, na kwa dakika 20 zijazo mkono wa mzazi usiguse udongo wa mtoto. Maji ya kunawa yako kwenye ndoo mlangoni. Karibuni.